Bi. Kanze na Madaftari ya Mji Usiohitaji Waume

Tarehe 31 Desemba 1948, Bi. Margaret Kanze atavua aproni kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na sita ya ukunga katika zahanati yetu ya uzazi hapa Kisauni. Nasema ya mwisho, maana aliwahi kuivua mara nyingine, na siku hiyo tulikoma.

Alipoanza mwaka 1922, wanawake wa Mtopanga walizaa nyumbani na kutuogopa. Yeye ndiye aliyewavuta, tena si kwa dawa. Alikuwa na hadithi ndefu, Mji Usiohitaji Waume, aliyoiandika mwenyewe kwenye madaftari ya shule, akiwasomea walioshikwa na uchungu. Humo mkunga aitwaye Dhahabu amegundua mizizi ya kuchemsha: mwanamke akinywa, hupata mimba bila mwanamume. Serikali inatuma askari kumnyang'anya, naye anakimbia na chupa kifuani. Kila inapofika pa kutisha, Bi. Kanze hufunga daftari. "Sukuma kwanza, mwanangu." Wamesukuma wengi.

Mwaka 1939 habari ziliwafikia waume, wakasadiki kwamba mizizi inachemshwa jikoni kwetu. Mzee Stambuli alikuja na wenzake kumi na mmoja, wakafunua sufuria zote. Wakakuta uji. Hata hivyo daktari wa wakati ule aliingiwa na woga, akamwambia Bi. Kanze achague: achome madaftari au aache kazi.

Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. "Kazi nilifundishwa. Hii nimeizaa mwenyewe. Sichomi." Akajitwika madaftari, akashika njia.

Hakufika langoni. Wodini alikuwamo Mwanasiti, mke wa mwana wa Mzee Stambuli, uchungu umepamba moto, naye amekataa kuguswa na mtu mwingine. Tena alitaka kujua askari wamefika wapi. Basi yule yule Stambuli akatoka mbio, kanzu kaishika mkononi.

"Bi. Kanze, rudi, nakuomba. Na hayo madaftari yako njoo nayo."

Mtoto alizaliwa wa kiume, mzito, wallahi. Mzee alikuwa amejibanza chini ya dirisha tangu daftari lilipofunguliwa. Alipopewa habari ya mjukuu, alishukuru, kisha akauliza, "Na Dhahabu je, wamemkamata?"

"Hiyo ni ya wenye uchungu, babu," Bi. Kanze akamjibu.

Aproni ikarudi kiunoni, na daktari hakuligusa tena jambo hilo. Bao la wazee nalo likahamia chini ya dirisha lile, liko hapo mpaka leo.

Mimi bawabu wenu nimemwomba miaka tisa atie hadithini japo mwanamume mmoja wa maana. Alikataa katakata. Juzi amenisomea ukurasa wa mwisho: Dhahabu anaokoka na chupa yake, kwa kuwa bawabu wa ngome amelala fofofo. Nimeridhika.

Bi. Kanze, ahsante kwa watoto wetu na kwa ukaidi wako. Mungu akupe umri, afya na wino mwingi. Siku hiyo langoni nitakuwa macho, nikufungulie mwenyewe.