Mnunuzi wa Macho

Benchi lilikuwa kati ya kibanda cha fundi saa na meza ya samaki ya Bi Magamba. Asubuhi, kabla wateja hawajachangamka, ndipo kahawa ilipomiminwa na mambo ya watu yakachambuliwa. Wiki hiyo jambo lilikuwa moja tu: dada mwenye miwani na ndoo ya barafu, aliyekuja siku nne mfululizo akanunua vichwa tu. Vichwa vya samaki wa aina moja, kuanzia wa ukubwa wa kidole hadi wa ukubwa wa paja, na kila kimoja alikipima kwa rula kabla hakijafungwa.

Redio, fundi cherehani ambaye jina hilo hakulipata bure, alisema amemfuatilia. Amemwona nyuma ya soko akichomoa macho kwa kisu chembamba, akiyatia kwenye vichupa, nyama akiwaachia paka.

— Macho tu? aliuliza Bi Magamba.

— Macho tu. Na kila kichupa kina namba.

Fundi Saa alikuwa ameinamia saa ya mteja, anatafuta skrubu iliyomponyoka tangu alipofungua kibanda. Aliposikia neno macho, akaacha kutafuta. Miezi sita sasa, kila alichokitazama kilikuwa na doa la ukungu katikati. Hakumwambia mtu. Hata binti yake aliyeko mbali, alipouliza mbona meseji zake hazijibiwi, alimwambia simu ina matatizo.

Mabishano yakapamba moto. Redio alishikilia kwamba macho yanapelekwa kwa waganga. Bi Magamba aliona ni kampuni kubwa inayopeleleza samaki wake ili waje wamfungie biashara. Jaji, karani mstaafu wa mahakama, alisubiri wote wanyamaze kama kawaida yake, kisha akatoa hukumu: jicho la samaki halina kope, halifumbi, kwa hiyo wanalichunguza watengeneze kamera isiyolala, ya kuwachunga raia hadi vyumbani.

Fundi Saa alikuwa na shaka yake mwenyewe: huyu dada katumwa na binti yangu, aje ayachunguze macho yangu. Samaki ni kisingizio.

Dada akatokea na ndoo yake. Jaji akamkalisha benchini, akamhoji kama shahidi. Dada hakuonekana kukerwa. Aliwaeleza kwamba anasoma chuoni, na kwamba samaki hukua karibu maisha yake yote, na jicho lake hukua naye. Pazia la ndani ya jicho, lile linalopokea mwanga, huongezewa seli mpya za neva pembezoni. Zile za zamani nazo hunenepa na kurefusha matawi yake kadiri samaki anavyozeeka. Ndiyo maana alihitaji wadogo kwa wakubwa, alinganishe.

— Na sisi? Fundi Saa alijikuta ameuliza. Sisi zetu zinaongezeka?

— Hapana, baba. Zetu zikifa, hazirudi.

Redio akanong'ona kwamba maneno hayo dada ameyakariri. Jaji akataka kuona kitambulisho. Dada akakitoa bila kinyongo, kikazunguka benchi zima mpaka kikamfikia Fundi Saa. Akakishika, akageuza kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, akakirudisha akisema kiko sawa.

Dada alimwangalia.

— Baba, mbona unanitazama kwa pembeni?

Redio, mwenye jibu la kila kitu, alitumbukiza macho kwenye kikombe. Bi Magamba akakumbuka kwamba kwa miezi kadhaa jirani yake huyu alikuwa akimpita bila salamu, naye akamhesabia maringo.

Fundi Saa alitaka kukasirika. Alitaka kuuliza nani kamtuma. Lakini yule dada alikuwa ametulia tu, mikono yake ikinuka samaki, akisubiri jibu kama mtu ambaye kweli hajui. Shaka yake ikaisha nguvu.

Aliiweka ile saa mezani bila skrubu yake. Akatoa simu mfukoni, akampa Bi Magamba.

— Nitafutie binti yangu humo, alisema. Jina lake silioni tena.