Sauti ya Mwalimu Elifuraha

Mheshimiwa Diwani wetu wa Masama, Baba Mchungaji, Mkuu wa Shule, ndugu wageni waalikwa, wanafunzi wa zamani na wa leo: wazee wetu shikamooni, na wengine habari za mchana. Mimi ni Evelyn Aminieli, nilisoma hapa.

Tumekuja kumuaga Mwalimu Elifuraha, anayestaafu leo. Wengi mnamjua kwa kwaya; mimi namjua kwa muziki wa bluzi. Ndiye aliyetuambia kwamba muziki huo ulizaliwa kusini mwa Marekani, kwenye mashamba ya pamba, kwa watu waliotokana na watumwa. Na kwamba sauti za mwanzo za bluzi kuwekwa kwenye santuri zilikuwa za wanawake weusi, waliozunguka na mahema ya maonyesho mji hadi mji, wakiimba habari za waume waliotoroka, mafuriko na njaa. Alitufundisha mtindo wao: sema uchungu wako, urudie, kisha mstari wa tatu uujibu.

Nilikuwa kidato cha pili. Mama alikuwa amefariki mwaka huo, na nyumbani hakuna aliyethubutu kumtaja. Nikatunga:

Jiko la mama limepoa, jamani, limepoa,
Jiko la mama limepoa, jamani, limepoa,
Baba apita mlangoni, hataki kujua limepoa.

Wiki hiyo baba yangu, Mzee Aminieli, yule aliyekaa pale mbele, akaja darasani amefura kwa hasira. Alikuwa amesikia tunafundishwa nyimbo za baa.

"Mwalimu, binti yangu nimemleta asome. Haya mambo ya walevi ya nini?"

"Shikamoo, mzee. Kaa kwanza umsikie." Kisha Mwalimu akanigeukia: "Imba."

Ndugu zangu, nani kati yenu angeweza? Niliimba mistari yote mitatu. Baba akainuka, akatoka. Jioni niliogopa kurudi nyumbani. Nilimkuta migombani, anawakatia ng'ombe majani. Hakugeuka.

"Ule wimbo wa mama yako," akasema, "hebu uimbe tena."

Tangu jioni ile, mama akawa anatajwa kwetu.

Sasa nasema lililo gumu kwangu, na Mwalimu ameniruhusu. Jumatatu anafanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo. Daktari hakumficha: mshipa unaoendesha sauti umepita palepale. Huenda sauti ikabaki, huenda isibaki. Jana nilimuuliza, "Mwalimu, unaogopa?"

"Naogopa, mwanangu. Nikiwa peke yangu jikoni naliita jina langu, nisikie kama bado linatoka."

Tufanyeje, jamani? Tumpe vitenge na saa ya ukutani, tule, tutawanyike? Yeye hakuomba hayo. Ameomba aimbe leo, akiwa bado na uhakika wa sauti. Sauti yake imeshuka sana, hivyo tuzime simu, na mlioko nyuma msogee mbele. Baba yangu, tafadhali, mshike Mwalimu mkono apande jukwaani.

Asanteni kwa kunisikiliza. Tunyamaze sasa, tumsikilize yeye.