Hatua Sitini Mpaka Kwenye Gari la Wagonjwa

Mgeni rasmi, Mlezi wa Msafara wa Baiskeli wa Mama Afike, viongozi wa kata na kijiji, waendesha baiskeli mliotoka Musoma jana na kulala Butiama, daktari wa msafara na dereva wako, wazazi wenzetu:

Risala hii inasomwa huku ugomvi haujaisha. Ulianza jana saa kumi jioni jikoni, ukahamia kwenye baraza la zahanati, na asubuhi hii umeendelea tulipokuwa tunakoroga uji. Mzee Isidori, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, anayo risala nyingine kwenye mfuko wa koti. Ni nzuri. Imechapwa Bunda, haina kosa hata moja, na inashukuru kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Hii yetu, wanawake wa Kituo cha Uji, imeandikwa kwa kalamu na katibu wetu, Petronila, na ndiye anayeisoma.

"Mama Wanzagi," Mzee Isidori alimwambia Marieta, mwenyekiti wetu, "mgeni hapewagi msiba kwenye sahani."

"Sahani tulimpa mwaka jana. Msiba tukabaki nao wenyewe."

"Mtoto alishazikwa. Karatasi itamfufua?"

"Haitamfufua."

"Basi? Hawa watu wakiudhika watapitisha baiskeli zao kwenye lami, Musoma mpaka Bunda moja kwa moja, na jengo litabaki kuta. Utaliezeka na kanga yako?"

"Nitaliezeka na koti lako, Mzee. Ndilo kubwa."

Tulicheka, na yeye alicheka. Halafu tukaendelea kugombana.

KUKARIBISHA

Karibuni Kilimani. Maji ya kunywa yako kwenye ndoo zenye vifuniko, choo kiko nyuma ya zahanati, upande wa kushoto ni wa wanawake. Anayeumwa mgongo kuna mikeka kivulini.

HISTORIA

Huu ni mwaka wa tatu mnapita hapa. Mwaka wa kwanza hatukuambiwa vizuri. Tuliona watu arobaini wanakuja mbio kutoka upande wa Butiama, wameinama, wamevaa kofia ngumu, na mwenzetu mmoja akaokota jiwe akijua mnamkimbiza mwizi wa ng'ombe. Wazee waliuliza baiskeli moja kama ile inanunuliwa kwa ng'ombe wangapi. Walipojibiwa walitafuta pa kukaa. Akina bibi nao waliuliza kwa nini wanaume wazima wamevaa soksi mpaka kiunoni. Hilo halijajibiwa mpaka leo.

Baadaye tulielewa. Kila mmoja wenu anachangiwa na ndugu na marafiki zake ili aumie siku mbili barabarani, Musoma, Butiama, Nyamuswa mpaka Bunda, na mchango unajenga nyumba ya kusubiria kujifungua hapa kwenye zahanati yetu, ili mama anayekaribia asikutwe na uchungu mbali na msaada. Jambo hili lilitugusa. Mtu wa mbali kuchubuka makalio kwa ajili ya mkamwana wa mtu asiyemjua, si jambo dogo. Tulisema sisi hatuna baiskeli wala marafiki wa kutuchangia, lakini uji tunajua kupika. Ndivyo kikundi chetu kilivyozaliwa, na ndiyo maana kinaitwa Kituo cha Uji.

MAFANIKIO

Kuta zimefika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha. Mchanga tulibeba sisi, mawe walivunja waume zetu, saruji na mafundi mlileta ninyi. Mgeni rasmi utaliona jengo mwenyewe, halihitaji kusimuliwa.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo tunapogombana.

Mwaka jana, siku kama ya leo, Bhoke aliamka na uchungu. Bhoke ni mke wa Wanzagi, na Wanzagi ni mtoto wa Marieta. Mumewe alikuwa kisiwani Rukuba kwenye uvuvi. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Marieta alimlaza kwenye nyumba yake, ile ya bati jipya mnayoiona nyuma ya jiko letu, akamwambia apumue, akaenda kuwasha moto wa uji, kwa sababu mlitarajiwa saa tano.

Saa nne muuguzi wetu, Susana, alimpima. Alitoka nje akafunga mlango, akamwambia Marieta kwa sauti ndogo: "Mama, mtoto amekaa vibaya. Huyu ni wa kupelekwa hospitali Bunda, tena mapema."

Marieta aliangalia barabarani. Bodaboda zote za Kilimani zilikuwa zimekwenda kuwapokea ninyi, zimefungwa vitambaa vya kijani kwenye usukani. Tulizituma sisi wenyewe. Simu ya Fred, dereva tunayemtegemea zaidi, iliita bila kupokelewa, maana alikuwa anapiga honi mbele ya msafara.

"Wageni wakishapita tu," Marieta alimjibu Susana. "Hawatakaa zaidi ya nusu saa. Nitamtoa wa kwanza."

Mlifika. Tulipiga vigelegele. Na nyuma ya baiskeli ya mwisho likaja gari la wagonjwa la msafara, jeupe, limeoshwa, likaegeshwa pale kwenye mti wa mjohoro, pale pale lilipo sasa. Ndani lilikuwa na kitanda, mtungi wa hewa na daktari.

Mgeni rasmi, hapa tunaomba usikilize vizuri, kwa sababu sisi wenyewe tukilisema tunashtuka upya. Gari hilo lilikaa hapa saa moja na dakika ishirini. Marieta alipita karibu nalo mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na ndoo. Mara ya pili alikuwa anakwenda kumwangalia mkamwana wake. Mara ya tatu alimpelekea dereva bakuli la uji. Dereva, Dennis, alimtazama usoni akamuuliza: "Mama, mbona jasho hivyo? Kuna tatizo?"

Marieta akasema: "Hakuna tatizo, baba. Kunywa uji, utapoa."

Akarudi kwenye mstari wa ngoma. Yeye ndiye anayeanzisha nyimbo zetu.

Kwetu mgeni haelezwi shida akiwa na vumbi. Ananawishwa, analishwa, anachezewa ngoma, na akishiba, kama atauliza, ndipo anaambiwa, tena kidogo. Ukimpokea kwa shida umemwambia kwamba ulimwita ili akubebee. Tumelelewa hivyo, na ni malezi mazuri. Yametufanya tuheshimike mpaka Musoma mjini. Marieta hakuwa na roho mbaya. Miguu yake ilikuwa inacheza na masikio yake yako kwenye ile nyumba. Anasema aliapa moyoni: wimbo huu ukiisha naenda kusema. Wimbo ukaisha, mgeni wa mwaka jana akapiga makofi, akasema, "Mmoja zaidi!" Tukaongeza mmoja.

Katikati ya wimbo huo Bhoke alipiga kelele. Wote tuliokuwa kwenye mstari tulisikia. Tuliangaliana. Mpanda baiskeli mmoja aligeuza shingo kuelekea jikoni.

Na sisi tukapandisha sauti.

Hakuna aliyetuamuru. Wanawake kumi na tisa, mama wa watoto, tuliimba kwa nguvu ili wageni wasisikie mwenzetu anaumia. Mzee Isidori anasema sentensi hii ndiyo hasa isisomwe. Tumeisoma.

Mlipoondoka, bodaboda ziliwasindikiza mpaka darajani. Fred alirudi baada ya nusu saa. Tulimkalisha Bhoke katikati, Marieta nyuma akimshikilia, wakateremka kuelekea Bunda. Karibu na Kabasa Bhoke alisema hawezi tena. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, juu ya kanga mbili, wa kike, mzima wa viungo, hana pumzi. Marieta alimpulizia, akampiga mgongoni, akamgeuza, akampulizia tena mpaka Fred alipomshika mkono. Hospitalini walimwokoa Bhoke. Aliongezewa damu, alilala siku tisa.

Tulizika. Tukasema ni mapenzi ya Mungu, kama tunavyosemaga tukikosa la kusema.

Wiki sita baadaye Dk. Benson, daktari wa msafara, alikuja kukagua msingi wa jengo. Upo hapa, daktari, utatusahihisha tukikosea. Uliuliza lile kaburi dogo jipya ni la nani, na Susana akakueleza. Kisha ukauliza, "Siku ile? Siku tuliyokuwa hapa?"

Ukaenda kusimama chini ya mjohoro, ukaanza kutembea kuelekea ile nyumba ukihesabu kwa sauti. Hatua sitini. Ulipofika mlangoni ulikaa kwenye kizingiti. Ulisema: "Siku nzima nilikuwa sina kazi. Nilifunga magoti mawili yaliyochubuka. Kwa nini hamkuniambia?"

Tulikuwa wanawake sita pale. Marieta aliingia jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Mshtuko wetu ulianzia hapo, wala haukuanzia kaburini. Mpaka siku ile tulikuwa tunajua kwamba tulikosa gari. Tulilalamika: kijiji hakina gari, kata haina gari, sisi ni watu wa kusahaulika. Kumbe gari tulikuwa nalo, tukalipelekea uji.

Mgeni rasmi, hatuwalaumu ninyi. Hamkunyima, kwa sababu hamkuombwa. Lakini na ninyi mjiulize, kwa upole tu. Mmepanda baiskeli siku mbili kwa ajili ya wajawazito, mkakaa saa nzima kwenye uwanja wa zahanati, na hakuna aliyeingia kuuliza kama yupo mjamzito ndani. Mlituona tunacheza, mkapiga picha, mkaamini. Sisi tulificha vizuri na ninyi mlidanganyika haraka.

MAOMBI

Paa, tenki la maji na vitanda viko kwenye risala ya Mzee Isidori. Atakukabidhi mkononi, na maombi yale ni ya kweli. Sisi tunaongeza moja tu, ambalo halihitaji mchango wa mtu yeyote.

Mkifika kwetu mkatuuliza kama kuna tatizo, tukawajibu hakuna, ulizeni tena. Ulizeni mara ya pili, na mara hiyo mtuangalie usoni. Sisi ni watu wa namna hiyo. Ya kwanza tunaijibu kwa adabu.

UAMUZI

Mgeni rasmi, kwenye ratiba uliyopewa, baada ya risala panafuata ngoma, kisha uji, kisha hotuba yako. Asubuhi hii, saa moja, tulipiga kura jikoni, mikono juu. Mzee Isidori alipinga, na tunaandika hapa kwamba alipinga. Alisema: "Mnaniaibisha mbele ya watu." Marieta akamwambia: "Mzee, aibu tulishaipata mwaka jana, ila hatukuijua."

Ngoma leo haipo. Bhoke hajaja hapa. Yuko kwenye ile nyumba, na alituambia akisikia wimbo ule ukutani hataweza kukaa ndani. Kwa hiyo hatuimbi.

Uji upo, mtapewa, ila baadaye kidogo.

Kwenye benchi lile la mbele, lililoandikwa "Viongozi", wamekaa watu saba. Tunawaomba radhi viongozi mliosimama. Wa kwanza kutoka kushoto ni Gloria, mimba ya miezi minane, miguu imevimba wiki mbili na macho yanaona ukungu. Amekuwa akituambia yuko salama. Wa pili ni bibi Nyanzura, anaumwa jicho. Anayefuata ni Bernado, fundi wa jengo lenu, aliyekanyaga msumari siku nne zilizopita na akafunga mguu kwa kitambaa ili mafundi wenzake wasijue. Wengine wanne watajieleza wenyewe. Tumewakataza kusema "sijambo".

Dk. Benson, tunakuomba usimame. Dereva Dennis, fungua mlango wa nyuma wa gari, Gloria aanze, maana Susana amempima presha saa mbili na hajaipenda kabisa. Kama ni wa Bunda, aende sasa, na sisi tutakaa na waendesha baiskeli hapa mpaka gari lirudi. Wakichoka kusubiri, mikeka ipo.

Marieta, mshike mkono. Mzee Isidori, naona umesimama, asante, mshike huo mwingine.

Mgeni rasmi, tumeishia hapa ili tuwapishe njia. Mungu awape miguu ya kufika Bunda, awalinde na malori, na amjalie kila mama wa nyumba ile itakayoezekwa kurudi kwake na mtoto anayelia.

Ni sisi,
Umoja wa Wanawake wa Kituo cha Uji,
Kilimani, Nyamuswa.