Mzee Nashon Wanyera na Landrova Iliyokosa Pumzi

Jumanne tarehe 31 Julai 1979, Mzee Nashon Wanyera, Fundi Mkuu wa Injini katika karakana yetu ya Bugolobi, anastaafu baada ya miaka ishirini na minane na miezi minne ya kazi. Katika muda huo ametumikia serikali tano, sawa na giya za landrova: nne za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Ni ipi iliyokuwa ya kurudi nyuma hatutaandika. Mwaka huu karatasi ni adimu.

Alikuja Kampala kutoka Samia, upande wa Kenya, akiwa kijana wa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Kufikia mwaka 1960 hakuna injini iliyofungwa hapa bila yeye kuweka sikio juu yake. Wahindi wenye maduka ya spea walipofukuzwa nchini mwaka 1972, rafu za stoo zilibaki na picha ya Rais tu, ya ukubwa mbalimbali. Mwandishi wa wasifu huu ndiye karani wa stoo hiyo, kwa hiyo anajua anachosema. Mzee Nashon alikata gasketi kutoka kwenye maboksi ya viatu, akaziba rejeta kwa sabuni ya kufulia, na magari yakaenda.

Mwaka 1974 tuliletewa Meneja Mkuu mpya, Kapteni Kamis, kutoka bendi ya jeshi, alikopuliza tarumbeta kubwa kuliko zote. Magari hakuyajua, na hakuona kwamba hilo ni tatizo. Kila asubuhi aliyapanga kwa urefu kama askari wa gwaride, akapita mbele yake polepole. Gari lenye matope lilikaripiwa. Gari lisilowaka liliandikwa kwenye daftari kuwa lina utovu wa nidhamu.

Mwaka uliofuata ukaja mkutano mkubwa wa wageni, na Kapteni akaamuru magari yote yapakwe rangi ya kijani. Hakutuamini sisi raia kwa kazi hiyo. Alileta askari wake, nao wakapaka kila walichokiona kimetulia: bodi, magurudumu, kiti cha mlinzi na sehemu ya paka wa stoo.

Wiki hiyohiyo landrova ya mwaka 1959, aliyopewa mkubwa mmoja wa jeshi, ikaanza kugoma. Iliwaka vizuri, ikaenda dakika kumi na tano hivi, kisha ikakohoa na kuzimika. Ikipumzishwa nusu saa inawaka tena kama vile haikufanya kosa. Mara ya tatu ilizimika kwenye kilima cha Muyenga, mkubwa akiwa ndani na wageni wawili wakimtazama. Ikabidi ashuke asukume.

Siku ya pili yake Kapteni alitukusanya uani.

"Gari hii hapana gonjwa," alisema. "Hii ni hujuma. Dereva najua."

Dereva alikuwa Obwona, Mwacholi mpole mwenye watoto wanne. Siku zile kuwa Mwacholi kulitosha kuwa ushahidi. Walimfunga pingu, wakamkalisha stoo kwangu chini ya zile picha. Tuliambiwa kwamba saa kumi jioni gari lingekuja kumchukua. Hatukuuliza linampeleka wapi. Waliochukuliwa na gari lile hawakuwa na desturi ya kurudi kutusimulia.

Mzee Nashon alifuta mikono, akamwendea Kapteni. Yeye mwenyewe alikuwa Mkenya, na mwaka ule Wakenya walianza kutazamwa kwa jicho baya, lakini alienda.

"Afande, nipe gari mpaka saa kumi. Kama ni hujuma nitakuonyesha alipogusa. Ila nataka na dereva. Giya za gari hili yeye tu ndiye anayezijua."

Hilo halikuwa kweli. Giya za gari lile Mzee Nashon alikuwa amezifungua na kuzifunga mara saba.

"Na mimi nakuja," Kapteni akasema. "Nataka kuona na macho yangu."

Wakaondoka saa saba mchana kuelekea Ggaba, Obwona kwenye usukani, pingu zikining'inia kwenye mkono mmoja, Kapteni pembeni yake, Mzee Nashon nyuma na askari wawili. Obwona alinieleza baadaye kwamba hakuwahi kuomba gari liharibike kwa moyo kama siku ile.

Walipofika Kansanga likakohoa, likazimika. Mzee Nashon aliruka chini kabla halijasimama sawasawa, maana ugonjwa wa namna hii hupimwa wakati mgonjwa bado anaumwa. Alichomoa waya wa plagi, akamwambia Obwona apige stata. Cheche ikaruka, ya buluu, yenye nguvu. Basi moto upo. Akalegeza bomba la petroli kwenye kabureta: kavu kabisa. Tangi nalo lilikuwa limejaa zaidi ya nusu.

Akasimama kidogo, akatazama kifuniko cha tangi. Kilikuwa kijani, kinang'aa, kimepakwa rangi mara mbili. Kifuniko kile kina kitundu kidogo sana cha kuingizia hewa. Kitundu hakikuonekana tena.

Hapo ndipo alipoogopa. Jibu alikuwa nalo, na jibu lilikuwa amri ya Kapteni mwenyewe, naye amesimama hapo na bastola kiunoni. Kunyamaza ni kumpoteza Obwona. Kusema ni kupotea wote wawili.

"Afande," alisema, "wewe ndiye unayejua mambo ya pumzi kuliko sisi wote. Hebu fungua kifuniko hiki, usikilize."

Kapteni alikizungusha. Tangi likavuta hewa kwa sauti ndefu: fyuuuu.

Uso wake ukabadilika. Kwa mara ya kwanza tangu aletwe Bugolobi, alikuwa amekutana na kitu anachokijua.

"Hii nakosa hewa!" akapiga kelele. "Iko navuta, navuta, hewa hapana ingia! Petroli natokaje?"

"Haitoki, Afande. Umegundua."

Mzee Nashon akachukua msumari, akatoboa rangi kwenye kitundu. Gari likawaka, likaenda Ggaba na kurudi, likapanda Muyenga mara mbili bila kukohoa.

Juu ya kilima Kapteni akauliza swali lililokuwa likisubiriwa. "Sasa nani nafunga hii tundu?"

"Rangi, Afande. Ni nzito mno. Ni ya kutoka nje."

Kapteni alikwaruza rangi ya mlango kwa ukucha, akainusa.

"Rangi ya mabeberu," Kapteni akasema mwishowe. "Fungua dereva."

Saa kumi gari lilikuja, likaondoka tupu. Makopo sita ya rangi yakakamatwa badala yake, yakawekwa stoo chini ya ulinzi wa askari mwenye bunduki. Baada ya wiki tatu yalitoweka, na nyumba ya Kapteni huko Ntinda ikawa ya kijani. Kapteni alipewa cheti cha ugunduzi wa kitaalamu. Obwona alivuka mpaka na watoto wake mwezi huohuo.

Jioni ile Mzee Nashon alikuja stoo kuomba chai. Nilimuuliza kwa nini alimpa yule bwana sifa zote. Akasema, "Concy mwanangu, ukweli niliutoa wote. Sifa tu ndiyo niliyoigawa."

Tulimuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa. Alikataa saa ya ukutani. Aliomba jambo moja: kwamba Olweny, fundi wa breki aliyekuwa akiimba akilala chini ya magari, na Ayot, mpiga taipu wetu, ambao mafaili yanawaita watoro, waandikwe katika karatasi hii kuwa walichukuliwa wakiwa kazini. Walichukuliwa wakiwa kazini. Tumeandika.

Mzee Nashon, asante kwa mikono yako na kwa sikio lako. Tunakuombea uzee mtulivu na usingizi wa kutosha. Na kwako Mama Nasike, uliyetangulia kurudi Samia mwaka 1976 ukamsubiri huko: tunakurudishia mumeo mzima. Laiti tungeweza kusema hivyo kwa kila nyumba.

Concy Akwero, Karani wa Stoo