Mke Mwenza wa Mama Yenu

Sogeeni wanangu, kaeni huku kichwani nyote wawili, na wewe mwanangu fundi acha kusimama mlangoni kama mgeni, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kumsemesha kila mtu peke yake. Nyumba hii ni yenu sawasawa, hilo halina mjadala. Ninalotaka kusema linahusu ule mtambo wa kuchimbia ulioko uani, kijiko chetu kikuukuu, ambacho marehemu mama yenu alikiita mke mwenza, kwa kuwa kila siku ya mapumziko nilikuwa nalala chini yake, mafuta hadi masikioni.

Kijiko hicho ndicho kilichochimba msingi wa vyumba hivi na mtaro unaotoa maji ya mvua uani. Mwaka ule mgongo uliponilaza, mipira yake ya mafuta ilipasuka, mama yenu akanunua mipya akaifunga mwenyewe, na miwili akaipishanisha, basi tangu hapo ukivuta liva mkono wa mtambo unashuka, ukisukuma unapanda. Nilipomwambia hapa pana kosa, alinijibu, "Kosa liko wapi, baba watoto, mkono si unapanda?" Nikaona heri niifundishe mikono yangu upya kuliko kuifungua kazi yake. Nawe binti yangu ukajifunza hivyo hivyo, umepakatwa naye.

Kisha wewe fundi ukarudi na ujuzi wako wa gereji, ukaona mipira imepishana, ukainyoosha kimya kimya. Kesho yake dada yako akapanda, akasukuma liva ili ainue mkono, mkono ukashuka ukaulalia na kuubomoa ukuta wa jiko aliojenga mama yenu. Tangu siku hiyo hamsemezani. Mnatumiana maneno kupitia kwangu, mwambie huyu, mwambie yule, na tarishi wenu sasa anasafiri.

Sikilizeni hukumu yangu. Fundi, hukukosea spana, ulikosea mdomo, aendeshaye angeambiwa. Na wewe binti yangu, mipira ibaki ilivyo sasa, kwa sababu wajukuu watapanda mtambo ule na hawatakuwa wamewahi kuiona mikono ya bibi yao. Najua hukulilia mipira. Ulimlilia mama yako, na mimi pia namlilia, kila siku. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyinyi ukuta mmeshaubomoa, basi jengeni ukuta na ufa mzibe.

Sasa ule mkono unazama wenyewe, ukiuinua na kuzima injini unashuka polepole hadi chini. Sili za silinda, zile pete za mpira zinazozuia mafuta, zimechoka. Kazi hiyo si ya mtu mmoja, kidole kimoja hakivunji chawa. Ushusheni mkono hadi ulale ardhini, zimeni injini, chezesheni liva huku na huku mpaka mafuta yaishiwe nguvu, ndipo mguse nati. Panapovuja msipapase kwa kiganja, mafuta yale hutoboa nyama. Pitisheni kipande cha boksi. Na chuma kile kinachoingia na kutoka kwenye silinda kikaguliwe, maana kikiwa na mkwaruzo, kuweka sili mpya ni kutwanga maji kwenye kinu. Dada ndiye mwenye mtambo, kaka ndiye mwenye vifaa, na atakayeuza chake bila ridhaa ya mwenziwe, radhi yangu asiitafute.

Nipeni maji... kidogo. Inatosha.

Nawapenda, wanangu. Mungu awalindie mikono yenu, awape watoto wanaocheka, na riziki isiyowatenganisha. Nimewasamehe yote. Msiniketie hapa mkinitazama. Nendeni uani, mwanze sasa hivi, na hilo dirisha... liacheni wazi. Injini sina haja ya kuisikia. Nataka nimsikie mmoja akisema shikilia... na mwenzake... amjibu, nimeshika.