Ufunguo wa Chumba cha Vikapu

Bwana Meneja Makori, mwenye neno la mwisho katika shamba hili, Mheshimiwa Diwani, uliyefika leo mapema kuliko viti, Bwana Chifu, Mchungaji wetu, Bwana Kipkirui, afisa wa maslahi ya wafanyakazi, viongozi wa chama, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wachumaji wenzangu, mnaotajwa mwisho kama kawaida ingawa ndio mliojaza hema hili: hamjambo?

Mimi ni Molly Ajwang. Nimechuma chai hapa Divisheni ya Tatu miaka ishirini na saba, tangu mwaka wa sabini na moja, na leo nastaafu. Bwana Kipkirui kwa moyo wake mwema ameniandikia hotuba. Hii hapa, ukurasa mmoja, herufi kubwa kama za kibao cha duka ili mama mzee asijikwae. Inaitwa "Siri ya Kujiendeleza Kila Siku." Nimeisoma mara mbili, nikasahihisha makosa matatu kwa kalamu. Nitakurudishia tukimaliza, Bwana Kipkirui, uitumie kwa mwingine.

Hotuba hii inanitaka niwashukuru wakubwa kwa mazingira mazuri ya kusomea. Je, wenzangu, tuyataje hayo mazingira, au tuyanyamazie kwa sababu ya wageni?

Mwaka wa themanini na sita tulikuwa na darasa la ngumbaru, la watu wazima wasiojua kusoma, kwenye kile chumba nyuma ya mizani. Benchi nne, ubao mmoja, mwalimu mara mbili kwa wiki. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu na bado nilitia kidole gumba kwenye karatasi ya mshahara. Nilikuwa nimefikia kuandika jina langu bila kuangalia ubaoni wakati chumba kilipofungwa. Kwa nini? Kampuni ilihitaji mahali pa kuweka vikapu vilivyotoboka. Tulipouliza tutasomea wapi, tuliambiwa mvumilivu hula mbivu. Tulivumilia, na hizo mbivu alizila nani, mpaka leo sijaambiwa.

Aliyeniokoa ni huyu mama aliyekaa kwenye nguzo ya tatu, na hotuba ya Bwana Kipkirui haimtaji hata mara moja. Chelangat wa Litein, simama watu wakuone. Usijifiche nyuma ya leso, simama! Chelangat alifika darasa la saba kabla ya kuolewa, na mstari wake wa chai ulikuwa kando ya wangu. Siku ile aliniona nimeinamia kikapu nalia, akaniambia, "Ajwang, mikono ni ya kampuni, lakini mdomo si ni wako?" Tukaanza hapo hapo. Yeye anataja neno, mimi nataja herufi zake, mikono ikichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, tunasonga. Nyapara alifikiri tunaimba za kanisa.

Vijana, mmeahidiwa siri. Ni hii, na ni ya Chelangat, si yangu: kila siku neno moja, na siku ikiharibika, badilisha mahali, usiache neno. Walipotutenganisha, yeye akapelekwa shamba la juu, mimi la bonde, tulisomea kwenye foleni ya mizani, tukiwa wima, kikapu mgongoni. Wakati wa kupogoa hakuna chai ya kupimwa, hata foleni haikuwepo, kwa hivyo aliniandikia neno kwa biro kwenye aproni yangu ya plastiki asubuhi, nikalibeba mchana kutwa. Mvua ya mawe ilipopiga chai na hakukuwa na kazi, wala posho, tulisoma maneno kumi. Na mwaka wa tisini na mbili, sisi tuliotoka ziwani tulipolala kanisani wiki tatu kwa sababu ambazo kila mtu hapa anazijua na hakuna anayezitaja, mama huyu wa hapa hapa alitembea mpaka kwetu na unga wa mahindi. Watu wake walimwambia asije. Ndani ya ule unga kulikuwa na karatasi, na kwenye karatasi kulikuwa na neno la siku. Sitalitaja. Hilo ni langu na Chelangat.

Sasa, Bwana Meneja. Mwaka wa tisini na tano ulisimama pale mizani ukasema mbele ya watu, "Mama Molly, pata cheti, nami nitakupa kalamu ya karani." Unakumbuka? Mizani inakumbuka. Mwaka jana nilifanya mtihani wa darasa la nane pamoja na watoto wa rika la wajukuu wangu, magoti hayaingii chini ya dawati. Nilipita. Nilikuletea matokeo ofisini nikiwa nimevaa nguo ya Jumapili siku ya Jumanne. Ulinipongeza sana, kisha ukasema kazi ya karani sasa inataka kidato cha nne. Sikulia ofisini. Nililia kwenye chai, ambako umande huficha mambo mengi, na siku hiyo hiyo nilichuma kilo arobaini na moja.

Nina uchungu, sikatai. Na uchungu wangu uliongezeka leo asubuhi, Mheshimiwa Diwani alipowaambia vijana wamwige Mama Molly, maana yeye huzoea hali yoyote. Mheshimiwa, katika hizo hali zote, iliyotoka mbinguni ni ile mvua ya mawe peke yake. Nyingine zina watu waliozileta, na baadhi yao umeketi nao. Mtu akichimba mtaro mlangoni kwangu kila jioni, nami nikauruka kila asubuhi, mtasifu miguu yangu mpaka lini kabla ya kuuliza habari za jembe?

Nimepewa blanketi na chupa ya chai. Asanteni, ni vitu vizuri. Lakini Bwana Meneja, uliponikabidhi ulisema, na watu wote wakapiga makofi, "Mama, omba chochote." Basi naomba. Jumamosi natoka kwenye nyumba ya kampuni narudi kwetu ziwani. Naacha akina mama tisa wanaosoma na Chelangat nyuma ya mizani, wamesimama, mvua ikinyesha mgongoni. Mmoja alijifungua mwezi uliopita na alirudi na mtoto kifuani, akauliza neno la siku. Nisipoacha mahali pao leo, wiki ijayo watahamishwa mistari, na hawa hawana miaka kumi na mbili ya kuruka mitaro kama mimi.

Sitaki kalamu ya karani tena. Nataka kile chumba. Vikapu vilivyotoboka havijui kusoma. Ufunguo najua uko wapi: uko kwenye kile kishada cha funguo kiunoni mwako, ule wa shaba wenye uzi mwekundu. Nimeuangalia miaka mingi.

Wageni wetu, Mchungaji, wenzangu wote, nawashukuru kwa kuja na kwa kunivumilia nikisema yasiyoandikwa. Asanteni kwa kunisikiliza. Soda zinaweza kungoja kidogo, na mimi sitaketi, maana kusubiri nimesimama ndiko nilikosomea.

Chelangat, njoo mbele. Nyoosha mkono.

Bwana Meneja, tunakungoja.