Siku ya Kung'oa Shiraz ya Fanis

Benchi la mbele ya duka la mikate, pale Renmark, mji wa mtoni kule Australia, lina watu walewale kila asubuhi. Upande wa ukuta hukaa Kidogo, jitu zima la kujaza mlango, ambalo watu wa mtoni walilibandika jina hilo tangu shule, ndivyo wanavyotaniana kule. Katikati hukaa Lorna, mjane mwenye machungwa yake, aitwaye Waziri kwa kuwa shemeji yake ana kazi katika ofisi za serikali Adelaide, basi kila neno la serikali hulitetea utadhani amelitunga yeye. Kwenye ndoo iliyopinduliwa hukaa Gurnam Sandhu, jina la kijiweni Redio, na sababu yake mtaisikia. Wa nne ni Fanis Kalaitzis. Asubuhi hiyo ya baridi alifika kabla ya wote, akakaa akiipa mgongo barabara ya kwenda shambani kwake. Katapila lilikuwa linakuja kung'oa mizabibu yake yote, na hakutaka kuliona likipita.

Wenzake walijua. Mwaka wa pili sasa kiwanda cha mvinyo kilikataa kuchukua hata kishada kimoja, maana Wachina, waliokuwa wakiinywa shiraz, mvinyo mwekundu wa Renmark, kwa pupa, walikuwa wameitwika ushuru usiobebeka. Zabibu zilikauka palepale kwenye waya. Asiyejua habari ya katapila alikuwa mtu mmoja tu, naye ni Evanthia, mama yake Fanis, aliyekuja na mumewe kutoka Ugiriki. Ajuza huyo hupita kila asubuhi kukagua mawaridi aliyoyapanda mwisho wa kila safu, kwa sababu waridi hushikwa na ukungu kabla ya mzabibu, kisha hurudi jikoni kumpa mwanawe habari. Hata leo alisema mawaridi ni mazima. Fanis akamjibu kwamba kuna mashine inakuja kuzibua mtaro, akatoka bila kumaliza mkate wake.

— Chanzo ni chuma, alianza Waziri. Sisi ndio tuliowatoza ushuru kwa chuma chao. Tukasema wanatuuzia bei ya kutupa, wanaua viwanda vyetu. Nao wakasema haya, na mvinyo wenu pia ni bei ya kutupa. Nipe nikupe.

— Bei ya kutupa? alisema Kidogo. Mvinyo wa zabibu zangu mwenyewe mimi nauangalia tu dukani.

— Serikali ndivyo zinavyoongea, Kidogo.

— Si zingelipizana chuma kwa chuma? Chuma hakiozi.

Fanis aliinua kikombe, akakirudisha bila kunywa.

— Nguzo zote kule kwangu ni chuma chao, alisema. Waliponunua mvinyo wetu, mimi nikanunua nguzo zao.

Redio akakohoa.

— Achaneni na chuma. Nimesikia redioni. Kuna mkubwa wao alialikwa karamu huko Sydney, akamiminiwa shiraz ya chupa iliyoingia hewa. Siki tupu. Jamaa kameza, katabasamu, kapanda ndege. Haukupita muda, ushuru.

— Redio gani imesema hivyo?

— Redio.

— Imesema?

— Ilikuwa inaelekea kusema, Waziri. Matangazo ya biashara yakaingia.

Walicheka, na Fanis naye alijaribu. Lakini moyoni alijikuta anawaza kama chupa ile isiyokuwepo haikutoka kwake. Mwaka ule wa neema, Wachina walipokuwa wakinunua kila tone, ndiye aliyeng'oa aprikoti za marehemu baba yake ili apate nafasi ya shiraz zaidi. Wote waling'oa. Walikuwa wakishindana nani atang'oa upesi.

Lori likasikika likija kutoka barabara kuu. Lilipita nyuma yao polepole, na minyororo ya katapila ikigongana juu yake. Wote wanne walipaza sauti kwa pamoja, kila mtu na lake, hadi likatokomea.

— Nyie hamjui kitu, alisema Kidogo, bado kwa sauti kubwa. Hii ni habari ya lozi.

— Lozi zimeingiaje?

— Tulia, Waziri, nikupeleke taratibu. Marekani iliwatoza Wachina ushuru. Wachina wakakasirika, wakazitoza lozi za Marekani. Sasa Mchina anataka lozi, azipate wapi? Kwetu. Na lozi zinakunywa maji balaa. Maji ya mto huu anayo nani? Sisi wa zabibu. Basi wanatia ushuru kwenye mvinyo, sisi tunafilisika, tunauza vibali vyetu vya maji kwa wakulima wa lozi, Mchina anakula lozi. Umeona?

Waziri alizihesabu hatua hizo kwa vidole. Maneno hayo yalikuwa na mantiki ya kutisha.

— Umesahau nyuki, alisema Redio.

— Nyuki gani tena?

— Lozi bila nyuki hazizai, mwanangu. Wakulima wanaletewa mizinga kwa malori. Kwa hiyo ukifuata maneno yako mwenyewe, anayeiendesha dunia hii ni mwenye nyuki.

Kidogo alifikiri.

— Shangazi yangu ana mizinga, alisema.

— Basi kamwombe atuondolee ushuru, alisema Waziri.

Wakacheka mpaka Redio akaporomoka kutoka kwenye ndoo. Ndani ya kicheko hicho Fanis alitamani kukaa mpaka jioni. Alichukia kwamba aliwahitaji hivi, na kwamba alikuwa amekaa hapa akicheka habari za nyuki wakati mama yake yuko peke yake na ile mashine.

Lori likarudi, safari hii mgongo mtupu. Akashuka mwanamume mwenye koti la kazi, akavua kofia.

— Samahani, wazee. Kalaitzis ni nani hapa?

— Mimi, alisema Fanis.

— Naitwa Darrell, nimetoka Mildura. Mashine nimeishusha, bwana, lakini sijaiwasha. Kuna mama mtu mzima kabeba kiti cha jikoni, kakiweka mwanzo wa safu ya kwanza, kakaa. Nikadhani kapotea. Nikamwambia asogee maana naanza kung'oa. Hakugomba wala hakulia. Kaniuliza swali, nami sikuwa na jibu, nikaona nije niwaulize wenyewe.

— Kakuuliza nini? alisema Fanis.

— Anasema mawaridi yote kayakagua, mazima. Mizabibu mizima. Haina ukungu, haina mdudu. Anataka kujua imekosa nini.

Waziri alivuta pumzi ya kusema habari za chuma, akaitoa hivyohivyo. Redio alitazama ndani ya kikombe. Kidogo, ambaye hoja yake ilitoka Marekani mpaka kwa shangazi yake bila kupumzika, aliitia mikono yake mikubwa mifukoni. Fanis alilijua neno la Kigiriki la ushuru. Alichokitafuta ni namna ya kulifikisha neno hilo hadi safu ya kwanza, ile ambayo baba na mama yake waliichimba kwa jembe wakiwa hawajapata hata nyumba, na hakuipata.

— Nimwambie nini? aliuliza Darrell.

Kidogo akasimama. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kumnunulia mtu kitu pale kijiweni, na watu walishaacha kumtania kwa hilo.

— Umekula?

— Bado.

— Kaa. Huwezi kufanya kazi na baridi hii tumbo tupu. Pai za nyama za hapa hazina mfano.

Akaingia dukani, akatoka na pai na kahawa. Darrell akakaa mahali pa Kidogo, akaanza kula. Redio alimuuliza kuhusu barabara ya Mildura, kisha kuhusu injini ya lori, kisha akamuuliza tena kuhusu barabara. Waziri alimletea kitambaa cha karatasi ambacho hakukiomba. Wote walikuwa wakiitazama pai ikipungua.

— Chukua na ya pili, alisema Kidogo. Tafadhali.

— Nimeshiba, asante. Ngoja nikafanye kazi.

Alijifuta vidole, akavaa kofia. Fanis naye akainuka.

— Twende wote, alisema. Kiti nitakibeba mimi.